Mtetemo Bila Daftari

Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Tumezoea kuitumia methali hii tunapozungumzia michango ya vikoba, mapato ya halmashauri na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Leo naitumia kwa kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukihesabu kuwa mali: matetemeko madogo ya ardhi, yale yanayogonganisha sufuria kabatini, yakamshtua mtoto usingizini, kisha yakapita bila kuacha maiti wala kichwa cha habari gazetini. Hoja yangu ni kwamba matetemeko hayo ni elimu inayotolewa bure na ardhi yenyewe. Taifa lisiloyaandika litalipa gharama mara mbili: siku litakapopiga tetemeko kubwa, na siku wananchi watakapotaka kujua kama mtikisiko uliowapasulia nyumba ni kazi ya Mungu au ni kazi ya mradi.

Nimekulia Rujewa, makao makuu ya Wilaya ya Mbarali, katika tambarare ya Usangu. Msafiri anayetoka Makambako kwenda Mbeya kwa barabara kuu ya Zambia huiona Usangu kuliani kwake, imetandikwa majaruba ya mpunga hadi macho yachoke. Akifika Chimala, kushotoni kwake husimama ukuta wa milima ambao barabara ya kwenda Matamba huupanda kwa kona 57. Mkulima akiutazama ukuta huo huona chanzo cha maji ya mfereji wake. Mwanajiolojia huona ukingo wa nchi iliyokatika: upande mmoja umebaki juu, upande wa pili umezama, na mmomonyoko wa mamilioni ya miaka umeujaza mchanga, changarawe na tope mpaka ukawa tambarare. Sisi watu wa Mbarali tunalima juu ya sakafu ya Bonde la Ufa.

Tena tunaishi karibu na njia panda ya bonde hilo. Kwenye eneo la Mlima Rungwe hukutana matawi matatu: la Rukwa linaloelekea kaskazini-magharibi, la Nyasa linaloshuka kusini, na letu la Usangu linaloelekea kaskazini-mashariki. Penye makutano hayo zimeota volkano za Rungwe, Ngozi na Kiejo. Nchi ya namna hii haitulii. Tarehe 13 Desemba 1910, wakati wa utawala wa Wajerumani, tetemeko la ukubwa wa 7.4 lilipiga eneo la Rukwa; ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kupimwa Afrika Mashariki. Desemba 2009, mfululizo wa matetemeko uliitikisa Karonga nchini Malawi, ng'ambo ya mpaka wetu wa Kyela. Kubwa kuliko yote katika mfululizo ule lilikuwa la 6.0, na watu walipoteza maisha.

Kwa kila tetemeko la namna hiyo yapo mengi madogo. Kanuni waliyoigundua wataalamu ni kwamba ukubwa ukishuka kwa namba moja, idadi huongezeka takriban mara kumi: palipo na tetemeko moja la 5, tarajia kiasi cha kumi ya 4 na mia moja ya 3. Makubwa hutuzika, madogo hutufundisha. Ila humfundisha aliyefungua daftari.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na daftari la aina yake, ingawa hakujua kusoma. Akiulizwa habari za matetemeko ya zamani hakutaja mwaka, alitaja vitu. Kuna lile lililoiyumbisha taa ya chemli iliyoning'inia darini. Kuna lile lililomwaga maji ya mtungi. Kuna lile lililoangusha kipande cha ukuta wa jiko wakati ana mimba ya mjomba. Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari mhadhiri, nilikutana na mizani ya Mercalli, iliyopewa jina la padri na mwanasayansi wa Kiitaliano Giuseppe Mercalli, nikacheka peke yangu maktabani. Ngazi zake 12 zinaanza na mtikisiko usiohisiwa na watu, zinapita kwenye vyombo vinavyogongana na vitu vinavyoning'inia vikiyumba, zinafika kwenye kuta zinazopasuka, na kuishia kwenye maangamizi makuu. Ilikuwa lugha ya bibi, imepewa namba na kuandikwa.

Hapa pana tofauti ambayo vyombo vyetu vya habari huichanganya kila mara. Ukubwa wa tetemeko, ule unaotajwa kwa kipimo alichokibuni Charles Richter huko California mwaka 1935 na kwa vipimo vilivyokirithi, ni namba moja kwa tetemeko zima. Ukali wa mtikisiko ni namba ya mahali: Rujewa ina yake, Chimala ina yake, Iringa ina yake. Chukua mfano wa ngoma ya harusi. Nguvu ya mkono wa mpigaji ni moja, lakini sauti inayomfikia jirani wa ukuta wa pili si ile inayomfikia aliye kijiji cha pili, na bati lililolegea hutetemeka kuliko lililokazwa misumari. Mwananchi hauawi na ile namba inayotangazwa redioni. Huuawa na mtikisiko uliofika mlangoni pake, ukakuta nyumba isiyoweza kuustahimili.

Ukali huo hutegemea mambo matatu. La kwanza ni ukubwa wenyewe: ukipanda kwa namba moja, mawimbi hukua mara 10 na nishati hukua takriban mara 32. La pili ni umbali, pamoja na kina ambako mwamba umekatikia. La tatu ni udongo, na hili ndilo linalotugusa sisi wa tambarare. Anayetembea juu ya tuta la jaruba lililolowa anajua jinsi linavyocheza chini ya mguu, ilhali mwamba wa Chimala hauna habari na mguu huo. Mawimbi ya tetemeko yanapotoka kwenye mwamba mgumu na kuingia kwenye udongo laini, hupunguza mwendo na kuongezeka kimo. Jiji la Mexico liliyaona hayo tarehe 19 Septemba 1985. Kitovu kilikuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka jijini, lakini mitaa iliyojengwa juu ya tope la ziwa la kale ilibomoka, na maelfu ya watu wakafa. Sakafu ya Usangu nayo ni udongo laini, na sehemu kubwa yake hulowa kwa miezi mingi ya mwaka.

Nisieleweke vibaya. Hakuna mtu duniani, awe profesa au mganga, awezaye kusema kwamba tetemeko litapiga siku fulani saa fulani. Lakini lipo swali jingine linalojibika: likipiga tetemeko la ukubwa huu, kwenye kina hiki, umbali huu kutoka hapa, ardhi ya hapa itatikisika kiasi gani? Wahandisi hulijibu kwa milinganyo inayokadiria mchapuko wa ardhi, yaani jinsi mwendo wa ardhi unavyobadilika kwa ghafla, na huupima kwa kuulinganisha na mvuto wa dunia. Jibu hilo ndilo linalopaswa kuamua ukubwa wa nguzo, idadi ya nondo na unene wa ukuta.

Milinganyo hiyo haishuki kutoka mbinguni. Hutengenezwa kwa kukusanya kumbukumbu nyingi za vipimo vilivyorekodi matetemeko halisi, na nyingi kati ya kumbukumbu hizo zimetoka California, Japani na kusini mwa Ulaya. Kutoka hapo huja matatizo mawili. Kwanza, mlinganyo uliotengenezwa kwa matetemeko makubwa hupotoka ukitumiwa kwa madogo ya 3 au 4, kwa sababu mtikisiko wa tetemeko dogo hufifia upesi zaidi kwa kadiri mtu anavyokwenda mbali na kitovu. Pili, miamba ya Afrika Mashariki ina historia yake, na baadhi ya matetemeko yetu huanzia kina kirefu kisichozoeleka California. Kuazima mlinganyo ni kama kuazima suti ya harusi: yaweza kukutosha mabegani ikakufupia miguuni, na wewe usijue mpaka siku ya kuivaa.

Madogo yana tabia nyingine inayotuhusu moja kwa moja. Mtikisiko wake ni wa haraka haraka na wa muda mfupi, sekunde chache tu. Majengo marefu ya Dar es Salaam hayajali sana mtikisiko wa namna hiyo; yenyewe husumbuliwa na mawimbi marefu ya polepole yanayotoka kwenye matetemeko makubwa ya mbali. Nyumba fupi na ngumu ndizo zinazouitikia. Na nyumba fupi na ngumu, ya matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa tope, bila mkanda wa zege juu ya kuta, ndiyo nyumba ya kawaida mitaani kwetu Rujewa.

Septemba 2016 dunia ilitupa mtihani wenye maswali mawili yanayokaribia kufanana. Tarehe 3, karibu na mji wa Pawnee katika jimbo la Oklahoma, Marekani, lilipiga tetemeko la ukubwa wa 5.8. Wiki moja baadaye, Jumamosi ya tarehe 10, saa 9:27 alasiri, likapiga la 5.9 katika Mkoa wa Kagera. La Pawnee lilianzia kilomita chache tu chini ya ardhi. La Kagera, kwa makadirio ya Idara ya Jiolojia ya Marekani, lilianzia kiasi cha kilomita 40. Kwa kina peke yake, la Pawnee ndilo lililopaswa kuwa kali zaidi juu ya ardhi. Pawnee hakufa mtu. Kagera walikufa watu wasiopungua 17, mamia wakajeruhiwa, maelfu ya nyumba zikabomoka au kupata nyufa, na shule kongwe za Ihungo na Nyakato zikaharibika kiasi cha kufungwa. Ni kweli kwamba Pawnee ina watu wachache kuliko Bukoba na vijiji vyake. Lakini ni kweli pia kwamba nyumba nyingi za kule ni za fremu za mbao, ambazo hujipinda na kurudi, na za kwetu ni za matofali yasiyofungwa na kitu, ambayo hujipinda mara moja tu. Januari 2017, Rais John Magufuli alipokwenda Kagera, alieleza kwamba Serikali haingeweza kumjengea nyumba kila mwananchi aliyeathirika. Unaweza kukubaliana naye au kumpinga. Lililo wazi ni kwamba baada ya ukuta kuanguka, mjadala uliobaki ni wa nani alipe. Mjadala wa kuzuia ukuta usianguke ulikuwa umeshapita.

Iko tofauti ya tatu kati ya Pawnee na Kagera, na hii ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. La Kagera lilikuwa la asili. La Pawnee lilichochewa na binadamu. Oklahoma kuna visima vya mafuta vinavyotoa maji ya chumvi kwa wingi, na kampuni zilikuwa zikiyasukuma maji hayo kwenye tabaka za chini kabisa. Maji yakipenya kwenye ufa wa zamani hupunguza msuguano ulioushikilia, na ufa huteleza. Kabla ya mwaka 2009 jimbo lile lilikuwa likipata wastani wa matetemeko mawili hivi kwa mwaka ya ukubwa wa 3 na kuendelea. Mwaka 2015 yalikuwa kama 900. Waliwezaje kujua kwamba kuna jambo limebadilika? Kwa sababu walikuwa na daftari la miaka ya nyuma. Mwaka 2016 Idara ya Jiolojia ya Marekani ilichapisha ramani ya makadirio ya mtikisiko wa mwaka mmoja iliyojumuisha, kwa mara ya kwanza, matetemeko yanayochochewa na binadamu. Mamlaka za jimbo ziliagiza visima vifungwe na vingine vipunguze kiasi cha maji, na matetemeko yakapungua.

Sasa tuje kwetu. Mwaka juzi nilitembelea shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Rujewa, ambako mwanafunzi wangu wa zamani ni mwalimu mkuu. Alinionyesha darasa lenye ufa unaoanzia kona ya dirisha na kupanda mshazari hadi kwenye kenchi.

"Shikamoo, Mwalimu. Huu ulikuja na lile tetemeko la usiku," aliniambia baada ya kunikaribisha. "Asubuhi watoto ndio walioniita kuja kuuona."

Fundi aliyekuwa akitengeneza madawati alinyanyua kichwa. "Samahani, mama, si tetemeko. Huu udongo mweusi kiangazi hunywea, masika huvimba. Msingi ndio tatizo."

Mwalimu mkuu alikuwa ameandika barua ya kuomba ukarabati, na ofisi aliyoiandikia ilimjibu ikitaka uthibitisho wa chanzo cha uharibifu. Uthibitisho upi? Hapakuwa na aliyeandika saa ya mtikisiko. Hapakuwa na picha ya ukuta kabla ya usiku ule. Kipimo cha karibu kilikuwa mbali kiasi kwamba tetemeko dogo la namna ile lingeweza kupita bila kuonekana. Yeye alikuwa na ushahidi wa watoto, fundi alikuwa na uzoefu wa miaka 30, na barua ilikuwa na mhuri. Hakuna kati ya vitu hivyo vitatu kilichoweza kumshinda mwenzake, na darasa liliendelea kujaa watoto.

Jambo hilo ni dogo. Likuze sasa mara elfu, uone lilivyokuwa Groningen, kaskazini mwa Uholanzi. Mwaka 1959 iligunduliwa gesi asilia kule, na kuanzia 1963 ikachimbwa kwa wingi ulioitajirisha serikali. Gesi ilipotoka, mwamba ulioihifadhi kiasi cha kilomita 3 chini ya ardhi ukaanza kujikandamiza. Desemba 1986 mji wa Assen ulitikisika, katika nchi ambayo upande ule haukuzoea matetemeko. Mwanajiografia Meent van der Sluis alisema ni gesi, akadhihakiwa. Ilichukua hadi mwaka 1993 kukubalika rasmi kwamba uchimbaji ndio uliosababisha. Tarehe 16 Agosti 2012, Huizinge ilipigwa na tetemeko la 3.6. Kwa mizani ya Kagera hilo ni dogo sana, lakini lilianzia karibu na uso wa ardhi, chini ya udongo laini na nyumba za matofali, na lilitikisa ardhi kwa mchapuko wa karibu asilimia 8 ya mvuto wa dunia. Nyumba zilipata nyufa kwa maelfu.

Kilichofuata ndicho ninachotaka wanafunzi wangu wakisome. Uholanzi iliongeza vipimo vingi katika eneo lile, na wataalamu wakaandika milinganyo ya Groningen yenyewe, kwa matetemeko madogo ya Groningen, juu ya udongo wa Groningen. Wananchi wakaacha kubishana kwa hisia. Wakadai fidia kwa namba. Februari 2023 kamati ya uchunguzi ya bunge ilitoa ripoti iliyosema kwamba maslahi ya wakazi yalipuuzwa kwa miaka mingi kwa ajili ya fedha. Oktoba mwaka huohuo uchimbaji ulisitishwa, na mwaka 2024 sheria ikaufunga kabisa. Haki ilichelewa, na wengi waliumia kwa kusubiri. Lakini isingefika kabisa kama madogo yale yasingepimwa.

Je, haya yanatuhusu? Karibu na Mbeya, kwenye volkano ya Ngozi, na upande wa Rungwe kule Kiejo na Mbaka, Kampuni ya Uendelezaji wa Jotoardhi Tanzania inaandaa miradi ya kuzalisha umeme kwa mvuke wa ardhini. Naiunga mkono azma hiyo. Nchi inayokosa umeme kila mvua inaposuasua haina sababu ya kuacha moto ulio chini ya miguu yake. Lakini kuchimba jotoardhi ni kutoa maji ya moto chini na mara nyingi kuyarudisha, na kurudisha maji chini ya ardhi yenye nyufa ni jambo linalotaka uangalizi. Mjini Basel, Uswisi, mradi wa jotoardhi ulisimamishwa baada ya tetemeko la 3.4 mnamo Desemba 2006. Pohang, Korea Kusini, tetemeko la 5.5 la Novemba 2017 lilijeruhi watu na kuharibu majengo. Tume iliyoteuliwa na serikali ilihitimisha mwaka 2019 kwamba mradi wa jotoardhi ndio uliolichochea. Teknolojia iliyotumika huko, ya kupasua mwamba mkavu kwa maji yenye shinikizo kubwa, haifanani na ile ya kuvuna mvuke uliopo tayari, kwa hiyo nisingependa mtu achukue mifano hii kuwatisha watu wa Rungwe. Naitaja kwa sababu moja tu: kote huko, swali la "nani kasababisha" lilijibika kwa kuwa vipimo vilikuwapo.

Mabwawa nayo yana sura hiyo. Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, lilianza kujazwa mwishoni mwa 1958. Kwa kadiri maji yalivyopanda, matetemeko yaliongezeka, na Septemba 1963, lilipokuwa limejaa, likapiga tetemeko la ukubwa wa kiasi cha 6. Uzito wa maji, pamoja na maji yanayopenya kwenye nyufa, ulitosha kuiamsha ardhi. Maji ya Ruaha Mkuu yanayotoka Usangu kwetu hupita Mtera na Kidatu, kisha huchangia Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Sisemi kwamba mabwawa hayo yameleta tetemeko lolote. Na kwa wale watakaouliza juu ya majaruba yetu, maji ya jaruba ni ya kina cha magoti; hayawezi kuuamsha ufa. Ninachosema ni kwamba mradi mkubwa ukishaanza, daftari la kabla ya mradi haliwezi kuandikwa tena. Ndiyo mali pekee ambayo fedha haiwezi kuinunua baadaye.

Daftari hilo, kwa sehemu, liliwahi kuandikwa. Kati ya mwaka 2013 na 2015, baada ya somo la Karonga, watafiti wa Tanzania, Malawi na Marekani walitandaza vipimo kuzunguka kaskazini mwa Ziwa Nyasa na Rungwe, wakarekodi matetemeko mengi madogo ambayo mengi hakuna binadamu aliyeyasikia. Mradi ulipokwisha vipimo viliondolewa, kama ilivyokusudiwa. Kumbukumbu zake zimehifadhiwa Marekani, na ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, hakuna aliyetuibia. Linalosikitisha ni kwamba nimekutana na wanafunzi wengi wa Nyanda za Juu Kusini wanaotafuta mada ya tasnifu bila kujua kwamba ardhi ya kwao imekwisha kuandikiwa sura ya kwanza. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, iliyoko Dodoma, ina dhamana ya kufuatilia matetemeko, lakini vituo vyake ni vichache kwa nchi ya ukubwa huu, na tetemeko la 2.5 chini ya Usangu haliwezi kusubiriwa Dodoma.

Kuna wanaosema nchi maskini haiwezi. Nawakumbusha Haiti. Januari 2010 tetemeko la 7.0 liliua watu kwa makumi ya maelfu katika nchi ambayo haikuwa na mtandao wake wa vipimo. Miaka iliyofuata, wanasayansi waliwaomba wananchi wa kawaida wakubali kuweka nyumbani mwao vipimo vidogo vyenye bei inayokaribia ya kompyuta mpakato, vinavyohitaji umeme na intaneti tu. Agosti 2021 lilipopiga la 7.2, vipimo vya majumbani vilitoa kumbukumbu za karibu na kitovu ambazo vituo vya gharama kubwa havikuweza kuzitoa. Walioshika daftari walikuwa wananchi wa kawaida.

Kwa hiyo nina maneno kwa makundi matatu yanayosoma ukurasa huu. Ndugu zangu watumishi wa umma: Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi za chini. Mtendaji wa kijiji anayejua kuandika tarehe ya mkutano anaweza kuandika saa ya mtikisiko, kilichoanguka na kilichopasuka, akapiga picha ya ukuta kwa simu yake na kuituma. Hiyo ni mizani ya Mercalli, nayo haihitaji bajeti. Na madarasa tunayojenga kwa utaratibu wa fosi akaunti, kwa mafundi wa hapohapo na kamati za shule, yasipokelewe bila mkanda wa zege unaozifunga kuta zote nne. Mkanda huo ni nondo chache na mifuko ya saruji. Ukilinganisha na jeneza moja, ni bei ya bure.

Wanaharakati: tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi wowote wa jotoardhi au bwawa iulizwe maswali mawili. Vipimo vimewekwa lini, na kumbukumbu zake anaziona nani? Jibu la "vitawekwa mradi ukianza" halifai, kwa sababu ni sawa na kuanza kuhesabu ng'ombe baada ya mwizi kupita. Na jibu la "ni siri ya kampuni" halifai zaidi, maana ardhi inayotikisika ni ya wanaoilalia.

Wanafunzi: nendeni mkaikadirie ardhi ya kwenu. Tunao vijana wa fizikia, wa hisabati na wa uhandisi katika vyuo vya Mbeya, Dodoma na Dar es Salaam wanaoweza kuandika mlinganyo wa Usangu kama Waholanzi walivyoandika wa Groningen. Mtakapoitwa siku moja kutoa ushahidi kati ya mwanakijiji na mradi, msiende na mlinganyo wa kuazima.

Wahenga walisema pia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaoishi ndani ya Bonde la Ufa hatuwezi kuuziba wa kwetu. Ulikuwapo kabla yetu na utaendelea kufunguka baada yetu. Tunachoweza ni kuusikiliza, na kuandika unachosema unapozungumza kwa sauti ya chini. Mtikisiko mwingine mdogo utapita Usangu bila kupiga hodi, labda usiku, labda msimu wa kuvuna. Utadumu sekunde tano. Naomba awepo japo mtu mmoja atakayewasha taa, akatazama saa, akaandika.